Sista, Ndege na Mume Wangu

Jaribu wewe kumwonea wivu sista, uone kama utapata mtu wa kukuhurumia. Kama mume wangu angechukuliwa na mwanamke wa kawaida, mwenye wanja na hina, majirani wote wa Mkomaindo wangekuja kukaa nami mkekani, wakamchambua huyo mwanamke kuanzia kisigino mpaka kisogoni. Lakini nilipomweleza dada yangu kwamba naibiwa mume na sista wa Newala, mwenye mvi na miwani iliyofungwa kwa uzi, alicheka mpaka akamwaga chai. Sikumweleza mtu mwingine.

Habari za ukoo wake, na jinsi alivyoingia utawa, waulizeni masista wenzake. Mimi ninayoyajua ni yale niliyoyaona kwa macho yangu na yale yaliyokuwa yakirudi nyumbani kwangu kila Jumamosi, kwenye nguo za mume wangu, yananuka petroli.

Kibanda chetu kipo Mkomaindo hapa Masasi. Mimi nauza sukari, sabuni na vitenge upande mmoja, na Baba Shamila upande wa pili anatengeneza mashine za kusaga na zile mashine za kubeba mgongoni za kupulizia mikorosho salfa. Sista alianza kuja zamani, Shamila akiwa bado ananyonya, na jenereta la misheni likiwa nyuma ya gari. Alivaa ovaroli juu ya gauni lake la utawa, mikono ameikunja, na kwenye kucha weusi ambao sabuni yangu haikuuweza. Nikampa kigoda akae. Hakukaa. Alipiga magoti kwenye vumbi kando ya mume wangu, wakaanza kuchokonoa kabureta, na mpaka adhuhuri inaadhiniwa nilikuwa nimeshasahaulika.

"Shikamoo Sista," nilimwambia alipoinuka.

"Marahaba Mama Shamila. Wewe Mmakua?"

"Mmakua."

"Mimi Mmakonde wa Makote. Basi kuanzia leo wewe ni mke mwenzangu. Siku zako ni Jumapili na sikukuu, zilizobaki zangu."

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Wamakua na Wamakonde ni watani, na utani wa huku kwetu hauna breki. Mtani anaweza kuketi juu ya jeneza akasema haliondoki mpaka apewe chake, na wafiwa wenyewe wakajipapasa mifukoni huku wanacheka na machozi yanawatoka. Kumkasirikia mtani ni kujiaibisha. Kwa hiyo kila alipokuja, "Mke mwenzangu hujambo? Mume wetu amekula?" Soko zima linaujua ulimi wangu, lakini mbele ya yule mama ulikuwa unakufa mdomoni. Nilitabasamu, nikampimia sukari, na roho inanichoma.

Ndege yenyewe, ya misheni, ilikuwa kule Newala, kwenye banda la bati kando ya uwanja wa zamani. Kidege cha viti vinne, cheupe chenye mstari wa buluu uliopauka, kizee kuliko mimi. Zamani kilibeba dawa, mapadre na wagonjwa, na Sista ndiye aliyekuwa akikitunza, ameona mafundi wa kila aina wakija na kuondoka na akajifunza kwa kila mmoja. Kisha injini ikafa na kidege kikakaa. Aliyeiua, na hili nilikuwa napenda sana kulisikia, ni yeye mwenyewe.

Maana Sista alikuwa mkali wa usafi mpaka anachosha. Kabla hujaikaribia ndege unavua saa, pete, unatoa kila kilichomo mfukoni. Mtu akitafuna karanga mlangoni alifukuzwa. Padre mmoja aliwahi kuegemea bawa akiongea na simu, akaambiwa aende akaegemee kanisa lake. Lakini msimu mmoja mvua iliwahi, wakulima wa korosho wakaja na magunia ya salfa hawana pa kuyaweka, wanalia, na huyo huyo Sista akafungua banda akawaambia, "Ingizeni." Msimu uliofuata wakarudi, akafungua tena. Ule unga wa njano ni mwembamba, unaingia kila tundu, na ukipata unyevu unakula shaba. Walipokuja kuifumua injini, bushi zote za shaba zilikuwa nyeusi, zimelika. Kila mwenye mikorosho Newala analaza salfa ndani, wengine chumba cha kulala, na hakuna mmoja aliyefikiria kwamba ndege nayo ina mapafu.

"Ungewaambia hapana," Baba Shamila alimwambia.

"Ningewaambia hapana, ningekuwa na injini nzima na watu wenye njaa," akajibu. "Haya, shika hapa." Mume wangu alinisimulia jibu hilo akitikisa kichwa kwa mapenzi. Mimi nikimjibu hivyo anasema nina mdomo.

Misheni ilipopata injini nyingine, ya aina ile ile ya kizamani, iliyofanywa upya huko ilikotoka, ikabidi ya zamani ishushwe na hiyo ipandishwe. Alikuwepo injinia mwenye leseni wa kutoka Dar es Salaam, anakuja, anakagua, anatia sahihi, anaondoka. Kazi yenyewe ya mikono ilibaki kwa Sista, na Sista akasema bila Baba Shamila hagusi boliti. Mume wangu akawa anapanda pikipiki Jumatatu alfajiri, anaukwea mlima wa Newala, anarudi Jumamosi. Alilala kwa katekista, chakula alipewa na masista. Mimi nilibaki na kibanda, na Shamila, na mama yangu mzazi ambaye alikuwa amepooza, yuko kitandani chumba cha nyuma, wa kugeuzwa na kulishwa.

Sasa sikilizeni habari ya shuka. Sista alikuwa na mtindo wake: kila kinachotoka kwenye injini kinalazwa juu ya kitambaa cheupe, kwa mpangilio kilivyotoka, na pembeni anachora kwa mkaa umbo la kitu hicho, ili kikikosekana pawe na kivuli bila mwenyewe. Mashuka ya misheni yakaisha. Mume wangu akaja Jumamosi, akafungua kabati, akachukua shuka langu la harusi. Lile lenye maua ya kudariziwa pembeni, alilodarizi mama yangu kabla mkono haujafa. Nililikuta baadaye kule bandani limelaliwa na pistoni, na kando ya maua ya mama kuna michoro ya mkaa. Sikulia. Nilisimama tu nikiangalia zile pistoni zilivyostareheshwa.

Siku hiyo nilikuwa nimepanda mwenyewe, bila kuitwa, na ming'oko kwenye kapu, maana Sista aliipenda mizizi ile ya porini kupita kiasi, hata siku za kufunga alikuwa akiimenya "kwa kuonja chumvi." Nilijiambia nitawakuta wanacheka. Nilijiandaa kwa kicheko. Nilikuta injini ya zamani inaning'inia kwenye mnyororo wa chenibloku, na kidege, kwa kuwa pua imekuwa nyepesi, kimeegemezwa mkia kwenye benchi la kanisa kisije kikaketi chini kama mbwa. Na wao wawili walikuwa kimya. Mume wangu ananyoosha mkono bila kugeuka, na Sista anaweka mkononi spana ile ile aliyoitaka. Halafu yeye naye ananyoosha mkono, na mume wangu anaweka kitambaa. Hakuna aliyemwomba mwenzake kitu. Mimi nimeishi na mwanaume yule miaka yote hiyo na chumvi bado anaiomba kwa jina. Laiti wangekuwa wanacheka, ningerudi nyumbani nikiwa mzima.

"Mke mwenzangu!" Sista akaniona. "Umekuja kukagua? Yumo mzima, hatujamtoa hata nati moja."

Ukiniuliza alikuwa mtu wa namna gani, nitakwambia hakuwa mtu wa namna moja. Aliweka nadhiri ya ufukara, lakini spana zake alizilinda kuliko bibi harusi na dhahabu, haazimi hata kwa askofu. Huko juu maji ni ya shida, yanafuatwa mbali, na yeye uso alinawa kwa kikombe kimoja, lakini silinda aliiogesha kwa mafuta ya taa taratibu na brashi kama mtoto mchanga. Alisali rozari akifunga boliti. Boliti ikigoma, alisema nayo Kimakonde, na maneno hayo mume wangu alikataa katakata kunitafsiria. Ukimharakisha alikwambia, "Injini haina haraka, mwenye haraka ni wewe, kapige magoti." Alinuka petroli na sabuni ya mche. Na kila alipoondoka kibandani kwangu aliacha kitu cha mtoto: karanga, ubuyu, siku moja kigari kilichoundwa kwa kopo na nati. Shamila alilala nacho kifuani. Haya, hata mtoto!

Baba Shamila naye akawa ananichosha. Mwanaume ambaye hajawahi kuona gauni langu jipya, anakaa mkekani ananieleza silinda moja kati ya nne ikikohoa unaisikiaje. Bawaba ya mlango wetu inalia kama mbuzi, haisikii. Sanduku la mbao lililobeba injini mpya walipolifungua, alinisimulia harufu yake. Harufu! Nikamwambia basi na mbao zake niletee. Akaniletea, nikatengenezewa rafu ya sufuria, na mpaka leo nikipanga sufuria zangu nasoma maandishi ya kigeni ya bibi yule wa chuma.

Jumamosi moja alirudi macho yanang'aa, akala, kisha akasema, "Ndege ikikubaliwa inahamia Dar. Wanataka fundi wa kwenda nayo, aingie karakana, afundishwe mpaka apate leseni. Sista amelipeleka jina langu."

"Na sisi?"

"Mtafuata baadaye."

Chumba cha nyuma mama alikohoa. Wote wawili tulijua mama hatoki pale ila kwa kubebwa. Neno hilo "baadaye" nalijua. Jirani yangu aliambiwa hilo hilo na mumewe aliyekwenda Arusha, na sasa anamwonyesha mtoto picha. Sikugomba. Ningegomba angeona namzuia kwa sababu ya wivu, na ni kweli ningekuwa namzuia kwa sababu ya wivu, na kwa sababu ya mama, na kwa sababu nilimpenda.

Siku ya kuiwasha nilikwenda na Shamila mkono mmoja. Newala yote ilikuwa uwanjani. Rubani kutoka Dar yuko kitini, injinia kando, wanafunzi wamepangwa mbali nyuma ya kamba. Sista amevaa ovaroli iliyofuliwa, na mume wangu ndiye wa kulizungusha pangaboi la puani kwa mkono, maana videge vile vizee huwashwa hivyo. Alikuwa anajifuta viganja kwenye suruali.

Nikamwacha Shamila kwa wanafunzi, nikapita chini ya kamba. Nikaenda moja kwa moja, nikaketi chini mbele ya lile gurudumu la mbele, chini ya pangaboi, nikatandika kitenge changu vizuri.

"Zima kila kitu!" Sista akapiga kelele. "Ufunguo huku!" Rubani akampa ufunguo, Sista akautia mfukoni mwake, akazungukia mwenyewe mpaka kwenye pua ya ndege. Ndipo akaniangalia. "Mama Shamila, nini hii?"

"Mtani nimekaa," nikasema kwa sauti ya kusikika na watu wote. "Haiwaki mpaka nipewe changu."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko na vigelegele. Watu wakaanza kutupa sarafu. Nikazisukuma.

"Hataki pesa!" mtu akapayuka. "Anataka nini?"

"Namtaka mume wangu arudi nyumbani," nikasema. "Mmemtumia vya kutosha."

Mwee! Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Injinia wa Dar anapiga picha. Baba Shamila mwenyewe alicheka, ananitikisia kidole. Nami nilicheka, meno yote nje. Sista peke yake hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, akaniangalia kwa miwani yake ya uzi kama alivyokuwa akiiangalia ile injini ya zamani, kwa muda mrefu. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa plagi iliyoungua ya injini iliyokufa, akaniwekea kiganjani akakifunga.

"Hii shika rehani," akasema. "Mume utampata."

Nikainuka, watu wakapiga makofi. Sista akamrudishia rubani ufunguo, Baba Shamila akalizungusha pangaboi, injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, ikashika. Ilinguruma mpaka kitenge changu kikapepea. Niliutazama uso wa mume wangu. Siku ya harusi nilikuwa nimefunikwa, sikumwona, lakini sidhani kama alikuwa na uso ule.

Ndege ilijaribiwa, ikakubaliwa, ikaenda. Baba Shamila alirudi na pikipiki jua bado liko juu, akaweka sanduku la vyuma mlangoni.

"Siendi," akasema. "Sista amesema mkono wangu mzito. Sifai ndege."

Akaenda kutengeneza bawaba ya mlango. Hakulitaja tena jina la Sista, na Sista hakuja tena Mkomaindo. Kidege kilipokuwa kikipita juu ya Masasi kuelekea Newala, mtaa mzima ulitazama juu, watoto wanakimbia, na yeye peke yake aliinamisha kichwa kwenye mashine yake ya kusaga. Mimi siku hizo nilikuwa napika huku naimba. Nilidhani nimeshinda.

Mwaka huu, mama akiwa ameshatangulia mbele ya haki, nilikwenda msibani Makote, na wakati wa kurudi nikapita Kitangari. Nilikuwa nimesikia Sista amestaafishwa, amewekwa kwenye nyumba ndogo ya masista wazee. Nilimkuta barazani, amepungua, ovaroli hana, ameifumua cherehani ya wenzake juu ya kitambaa cheupe. Masikio yameondoka na zile injini. Ikabidi nipige kelele.

"Shikamoo Sista!"

Akainua uso, akanishika mkono, akaupapasa kwanza. "Mke mwenzangu! Mume wetu hajambo? Bado ananichukia?"

"Nani kasema anakuchukia?"

"Ananichukia. Nilimwambia mkono wake mzito." Akacheka kidogo, bila sauti. "Ningemwambia nini? Nilikuona pale chini. Wewe hukuwa unatania. Ningemwambia mkeo hataki, angebaki, lakini kila ndege ikipita angekuangalia wewe. Nikasema bora aninunie mimi, mimi silali naye nyumba moja."

Nilikaa chini kwenye sakafu.

"Mkono wake ukoje, kweli?" nikapiga kelele.

Alikuwa ameokota skrubu ndogo, anaipangusa. "Sijapata kuona mkono kama ule. Sitauona tena." Akaiweka skrubu mahali pake. "Nilimkumbuka sana, Mama Shamila."

Mama huyu! Nimpendaye mimi, yeye alimpenda mpaka akakubali kuchukiwa naye, na nyumba yangu akaniachia nzima. Hata kwa hilo alinitangulia. Nilimwonea wivu pale pale sakafuni, nikiwa nimekuja na kilo ya sukari ya kumpa pole.

Aliponisindikiza, kwa kushika ukuta, akaninyooshea kidole. "Na rehani yangu? Mume ulishapewa zamani, plagi hujarudisha. Wamakua bwana! Nipelekee salamu. Mwambie yeye ndiye ailete."

Nilifika nyumbani nikaitoa plagi kwenye kopo la vifungo, nikamwekea Baba Shamila juu ya mashine aliyokuwa anaifunga.

"Ya nini hii?"

"Ya mke mwenzangu," nikasema. Kwa miaka yote ile sikuwahi kumwita hivyo. "Anataka uirudishe mwenyewe. Kasema hajapata kuona mkono kama wako."

Akaichukua. Akaigeuza kwenye mwanga. "Kasema hivyo? Basi kwa nini aliniambia..."

"Kwa sababu nilikaa chini ya lile pangaboi nikakudai, na sikuwa natania. Aliliona hilo, wewe hukuliona. Akakudanganya ili usininunie mimi. Haya, nimeshakwambia. Ukitaka kununa, mwenye kununiwa ni mimi."

Alinitazama, nami sikuinamisha macho. Shamila, ambaye sasa ni binti mkubwa, alitokeza mlangoni akaona hali, akarudi ndani. Baba Shamila akachukua kitambaa, akaanza kuifuta ile plagi, polepole, uzi kwa uzi, mpaka ikatoa weupe. Na uso wake ukaanza kuwa ule, ule wa siku ile uwanjani.

"Kesho mapema," akasema. "Tutakwenda wote wawili. Utanipigia pasi shati?"

Nikawasha mkaa, nikampigia. Alilitaka lile jeupe la harusini, ambalo kwangu mimi hajalivaa tangu siku ya harusi.